Pigo la Pili

1

Mashine iligonga mara tisini na sita. Subilaga Mwaihojo alihesabu akiwa ameketi dirishani, blanketi magotini, sikio lake zima, la kushoto, akiwa amelielekeza stesheni. Kutoka nyumba za wafanyakazi za Ilomba Juu hadi njia kuu ya reli ni mita mia mbili na kumi, na asubuhi za Juni, ukungu ukiwa bado chini, mlio wa chuma hufika bila kupungua. Pigo moja kila baada ya sekunde nne, bila kusita. Aliandika 96 kwenye daftari, mbele ya tarehe 19, kisha akameza dawa ya kizunguzungu.

Hiyo ilikuwa siku ya arobaini na tisa ya likizo yake ya ugonjwa. Daktari alikuwa amemwambia achague sauti moja anayoifahamu vizuri na aisikilize kila siku kutoka mahali pamoja. Ikianza kufifia, atoe taarifa mapema. Subilaga hakuhitaji kufikiri. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mgonga magurudumu wa Reli ya Nyanda. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni iliyosimama, kugonga kila gurudumu kwa nyundo, na kusikiliza. Gurudumu zima huitika kwa mlio mrefu. Lenye ufa huitika kwa mlio mfupi unaokatika, kama mtu aliyeanza kusema akabadili nia. Treni ina mabehewa kumi na mawili, kila behewa magurudumu manane. Tisini na sita.

Sasa kazi hiyo ilifanywa na mkono wa chuma uliopanda juu ya kigari kidogo, nacho kilitembea kwenye reli yake nyembamba kando ya njia kuu. Kampuni iliuita Mfumo wa Ukaguzi. Wafanyakazi waliuita Mkwe, kwa sababu ilikatazwa kuugusa, kuusogelea au kusimama mbele yake, na huku Unyakyusa, ambako kumkaribia mkwe ni mwiko, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Kwenye kifundo cha mkono wa Subilaga kulikuwa na bangili ya kijivu ya Mfuko wa Afya ya Wafanyakazi. Ilipima mapigo ya moyo, mwendo wa mwili, na jambo la tatu ambalo sheria ililiita utendaji. Zamani watu walichukua likizo ya ugonjwa kwa mwajiri mmoja na kwenda kufanya kazi ile ile kwa mwingine. Bangili ilikomesha hilo. Ilikuwa na kumbukumbu ya miendo yote ya kazi ya aliyeivaa. Ikiutambua mmojawapo, likizo ilifungwa palepale, na mgonjwa akahesabiwa kuwa amepona. Kwa ugonjwa uleule, likizo isingefunguliwa tena kabla ya miezi kumi na miwili.

Juu ya kabati kulikuwa na barua mbili. Ya kwanza, ya kampuni, ilisema wafanyakazi mia na kumi na wawili wangepunguzwa kazi na kwamba orodha ingefungwa tarehe 30 Juni. Aliye kwenye likizo ya ugonjwa siku hiyo asingeguswa, na matibabu yake yangeendelea mpaka apone. Ya pili, ya hospitali, ilisema uvimbe ulio kwenye mshipa wa fahamu wa sikio lake la kulia ungeondolewa tarehe 28.

Siku tisa. Subilaga hakuona fumbo lolote katika barua hizo. Alitakiwa kukaa kwenye kiti.

"Hodi hapa kwa mgonjwa mzima!"

Aliingia Lusajo Kibona, mgongaji mwenzake wa zamani, mwenye miaka sitini na mmoja, mikono imejaa alama za moto. Yeye alipunguzwa kazi mwaka uliopita na cheti chake kikafutwa siku hiyohiyo. Sasa alichomelea mageti kwenye kibanda kilichotazamana na karakana ya reli.

"Shikamoo kaka. Mzima wa wapi? Nikiinama naona sakafu mbili."

"Marahaba. Una bahati basi. Mimi kwangu hata moja haijaisha." Alivuta kigoda. "Nimekuletea habari za mkweo. Juzi Jumanne ametoa gurudumu. Wakalishusha, wakalipeleka kwenye kipimo cha karakana. Wamelizungusha nusu siku. Zima kabisa! Vijana wamecheka mpaka basi."

"Jumanne?"

"Jumanne. Na wanasema si mara ya kwanza. Matano ametoa tangu uondoke, na yote matano mazima."

Subilaga alifungua daftari. Jumanne, tarehe 17, alikuwa ameandika 97. Aliikumbuka siku hiyo. Alidhani amekosea kuhesabu, akalaumu dawa. Alirudisha kurasa nyuma. Kulikuwa na 97 nyingine nne.

"Kaka, ule ubao wa getini karakana, wanaoandika magurudumu yaliyotolewa, bado upo?"

"Upo. Ila wewe si unaumwa?"

"Nisomee tarehe tu. Kusomewa si kazi."

Lusajo alirudi baada ya saa nzima na tarehe tano kwenye kiganja, kwa wino wa bluu. Zililingana na zile 97 tano, moja kwa moja, bila hata moja kubaki.

"Mkono wake unadunda siku nyingine," alisema Lusajo. "Ule mpira wa kwenye kiwiko ukilika, nyundo inagusa, inaruka, inagusa tena. Nimeuona mwenyewe kupitia uzio. Ni hitilafu ndogo tu."

Subilaga alikivuta karibu kile kiganja. Alikuwa akitazama tarakimu zile na kujiuliza swali moja: ni nini hutokea mashine inapogonga mara mbili, na kwa nini?

2

Injinia Aikande Mmari alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Machame, na ndiye aliyemfundisha Mkwe kazi. Kwa miezi kumi na mitano alimfuata Subilaga reli hadi reli akiwa na kinasa sauti. Alikuja jioni hiyo na kilo mbili za sukari, kama mtu anayekuja kumwona mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa upande huu, huko ukiongea nitaona mdomo tu." Subilaga alimimina chai. "Nataka unieleze ulivyomfundisha. Polepole, kama unamweleza mtoto."

Aikande alitazama bangili.

"Haina sikio," alisema Subilaga. "Inajua mikono tu. Maneno yanahesabiwa kuwa kazi nikiyaandika na kuyatia sahihi."

Aikande alieleza. Rekodi zilikuwa 9,214. Kila moja ilikuwa na sauti na hukumu: gurudumu hili lilipita, gurudumu hili lilitiwa chaki. Mashine haikuambiwa ufa ni nini. Ilipewa sauti na hukumu, ikaachwa itafute yenyewe kinachozitenganisha, ndivyo zinavyofundishwa mashine zote za aina hiyo. Kisha ikajaribiwa kwa rekodi ambazo haikuwahi kuzisikia.

"Ikakosea mara ngapi?"

"Mara tatu katika rekodi zote. Walinipa tuzo, mama, unakumbuka? Ulikuja hata kwenye sherehe."

"Nakumbuka. Ulikula kuku wangu." Subilaga hakutabasamu. "Kila rekodi uliikata wapi?"

"Tangu pigo la kwanza, sekunde tatu mbele."

"Na mimi, nikilishuku gurudumu, nafanya nini?"

 Aikande alikuwa amemfuata mama huyu miezi kumi na mitano. Jibu alilijua kwa macho. Hakuwahi kuliweka katika maneno.

"Unagonga tena," alisema.

"Nagonga tena. Kila mgongaji anagonga tena. Gurudumu ukilitia chaki, treni nzima inasimama kwa saa nne, dereva anaandikiwa barua, abiria wanakutukana. Kwa hiyo hulihukumu kwa pigo moja. Niliyemkuta kazini alifanya hivyo, na aliyemfundisha alifanya hivyo. Linalolia vizuri hulirudii. Huna muda huo. Pigo la pili linatolewa kwa lenye shaka tu."

Aikande alitoa kompyuta mkobani. Vidole vyake vilikwenda haraka. Nje watoto wa jirani walikuwa wakifukuzana na kuku. Ndani dakika sita au saba zilipita.

"Rekodi zenye mapigo mawili ni sitini na moja," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hamsini na nane ziliishia na chaki. Tatu uliziachilia."

"Na zenye pigo moja zilizoishia na chaki?"

"Hakuna."

"Na makosa yake yalikuwa?"

"Matatu." Alifunika uso kwa viganja. "Yale yale matatu. Mama, haijajifunza ufa. Imejifunza kuhesabu mpaka mbili."

"Na mkono uliounda unagonga mara ngapi?"

"Mara moja. Nilitaka usipoteze muda." Aliinua uso. "Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia? Hakuna aliyejua kuwa ni kitu cha kusemwa. Ukimwelekeza mgeni njia ya kwako, humwambii akifika apige hodi."

Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, Aikande aliingia kwenye banda la mafunzo. Humo, kwenye mnyororo, lilining'inia gurudumu bovu la behewa la zamani lenye ufa wa sentimita kumi na moja, ambalo wagongaji wote wa Reli ya Nyanda walilitumia kujifunzia. Waliliita Shangazi, kwa sababu lilimwumbua kila aliyelidharau. Aikande aliweka kompyuta yenye nakala ya mashine kando yake, akachukua nyundo, akagonga mara moja. Mlio ulikatika, hata yeye aliusikia. Kioo kiliandika: SALAMA. Kisha akaenda kwenye gurudumu jipya, ambalo bado lilikuwa na karatasi ya kiwandani, akaligonga mara mbili. Kioo kiliandika: BOVU.

Alituma taarifa makao makuu, na jibu likaja kabla ya jua kuzama. Nakala si mashine iliyotiwa muhuri. Gurudumu la mafunzo halimo kwenye rejesta. Mashine yenye muhuri hukaguliwa kila baada ya miezi sita, na zamu yake ni Oktoba. Hata hivyo, kwa mujibu wa Kanuni ya 41, mgongaji yeyote mwenye cheti hai aliyepo kituoni anaweza kuweka pingamizi kwa alama ya chaki. Barua ilimalizia kwa adabu: *Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba mgongaji pekee mwenye cheti hai katika kituo chenu yuko kwenye likizo ya ugonjwa. Tunamtakia afya njema.*

3

Jioni hiyo ya tarehe 20 walikuwa watatu sebuleni. Lusajo alisoma barua mara mbili, akaitupa mezani.

"Ngoja upasuliwe kwanza. Siku nane zilizobaki ni nini? Wiki saba zimepita, hakuna kilichotokea."

"Wiki saba ndizo zinazonitisha," alisema Subilaga.

Aliwafungulia daftari. Upande wa kushoto aliandika mambo anayoyajua. Treni za Reli ya Nyanda ni kumi na mbili, na zote hukaguliwa Ilomba Juu kabla ya kuteremka. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe, wagongaji walitia chaki wastani wa magurudumu manne kila mwezi. Kwa hiyo, katika wiki saba, magurudumu sita au saba yalikuwa yameanza kupasuka na kupita bila kusikika. Yako wapi, hakuna ajuaye. Uwezekano wa treni moja kuwa na angalau moja ni zaidi kidogo ya asilimia arobaini.

Upande wa kulia aliandika ripoti za ajali alizowahi kusomeshwa. Tangu ufa uanze kusikika mpaka gurudumu livunjike, mara nyingi ni siku sitini hadi mia na ishirini. Muda mfupi kuliko wote uliowahi kuandikwa ulikuwa siku hamsini na moja.

"Leo ni ya hamsini," alisema Aikande.

"Na baada ya stesheni hii?" aliuliza Subilaga.

Wote waliijua njia ile. Baada ya Ilomba Juu reli inateremka kilomita kumi na nane kuelekea Usangu, breki zimeshikwa njia nzima, na gurudumu linachemka kiasi cha kukaangia yai.

"Basi weka pingamizi siku moja kabla ya kupasuliwa," alisema Lusajo.

"Nikiweka, likizo inafungwa na upasuaji unafutwa, iwe leo au tarehe 27. Na nikishapasuliwa nitalala wiki sita. Hakuna siku ya katikati, kaka. Nimeitafuta."

"Mwandikie waziri."

"Aikande ameshaandika kwa wenye mashine. Wamemwambia ukweli: wanaomba chaki ya mgongaji."

Lusajo akasema kwa ukali ambao Subilaga hakuutarajia: "Kanuni hiyo tuliipigania sisi, mimi nikiwa kwenye kamati. Tulisema mashine ikija, chaki ya mtu iwe juu yake. Tulikunywa soda siku hiyo, tukashangilia. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba watamaliza wagongaji kabla ya kufuta kanuni." Alimtazama. "Wewe huna deni kwa mtu. Wamekuchukulia sauti zako zote, halafu wakakuandikia barua. Acha gurudumu livunjike huko mbele, wajue."

"Watakaojua ni walio ndani ya behewa."

"Na sikio lako?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Subilaga alikuwa ameshalipeleka kwa anayeweza kulijibu. Mchana alimpigia daktari. Uvimbe ule hauui, alisema daktari. Ukiachwa mwaka mzima, utachukua sikio la kulia lote na nusu ya mizani ya mwili. La kushoto halihusiki. Atasikia, lakini hatajua sauti inatoka upande gani. Atatembea, lakini gizani atahitaji ukuta. Baada ya hapo hata upasuaji hautarudisha kitu.

Subilaga aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika. Mwimbaji wa sauti ya pili anaishi kwa kumsikia wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Alilifikiria hilo kwa muda, kwa sababu lilikuwa kweli kama mambo mengine, kisha akaliandika daftarini chini ya upande wa kushoto, mstari mmoja: *kwaya*. Lilikuwa neno dogo sana katika ukurasa ule. Hakulifuta.

"Mama," alisema Aikande, "kosa ni langu. Usilipe wewe."

"Kosa tumegawana. Wewe hukuuliza, mimi sikusema." Alifunga daftari. "Na wewe huna cheti."

4

Asubuhi ya tarehe 21 alikwenda stesheni akiwa amevaa koti la sufu na viatu vya kanisani. Nyundo aliifunga ndani ya kanga. Mpini wake wa mninga ulikuwa umechimbika mahali pa dole gumba. Mlinzi aliiona bangili ya kijivu, akadhani amekuja kuchukua fomu.

"Pole na kuumwa, mama."

"Nimeshapoa."

Treni ya saa nne ilikuwa imesimama kwenye njia kuu. Mkwe alikuwa bado mwanzo wa reli yake, mkono umekunjwa, akisubiri saa tatu na nusu. Aikande alisimama pembeni, hakusogea.

Kanuni ya 41 ilikuwa fupi, na Subilaga aliijua kwa moyo. Chombo chochote chenye magurudumu kilicho juu ya reli za kampuni, kikitiwa alama ya chaki na mgongaji mwenye cheti hai, hakitatembea mpaka kikaguliwe. Haikusema behewa. Ilisema chombo chochote.

Mkwe alikuwa na magurudumu manne, kila moja kubwa kama sahani ya pilau. Subilaga alipiga goti, ardhi ikazunguka nusu duara, akaisubiri itulie. Aligonga gurudumu la mbele mara moja. Lilikuwa zima, na alilisikia kuwa ni zima. Alama ya X haisemi gurudumu ni bovu. Inasema chombo kisitembee mpaka kikaguliwe, na hilo ndilo alilotaka kusema. Aliichora kubwa, kwa chaki nyeupe, kuanzia kwenye gurudumu hadi ubavuni mwa kigari.

Taa ya kigari ikawa nyekundu. Bangili ikatetemeka. Maandishi yalipita kwenye uso wake mwembamba, taratibu, ili mgonjwa ayasome vizuri:

*Utendaji umetambuliwa. Likizo imefungwa saa 3:21 asubuhi. Hongera kwa kupona.*

"Wanyakyusa wenzangu, amemgusa mkwe!" Ilikuwa sauti ya Lusajo kutoka nje ya uzio, na ilikuwa ikicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Stesheni masta, Bwana Sikazwe, alikuja akikimbia huku akifunga kifungo cha koti. Alitazama alama, akatazama nyundo, akamtazama mwanamke aliyepiga goti.

"Mama Mwaihojo, unajua ulichofanya?"

"Nimeweka pingamizi. Kwa maandishi utalipata kabla ya saa sita. Sasa mashine haiwezi kukagua, na treni isiyokaguliwa haiteremki. Niruhusu nianze, abiria wasichelewe zaidi."

"Wewe unaumwa!"

"Muulize Mfuko. Nimepona."

Alianza na behewa la kwanza. Aikande alimshika mkanda wa koti kwa nyuma kila alipoinama, na alitembea upande wake wa kulia. Kazi iliyochukua dakika ishirini ilichukua saa moja na robo. Madirisha yalifunguka.

"Mama, hilo limekukosea nini?"

"Gonga haraka, bibi, tunawahi mazishi!"

"Waacheni wafu, hawana haraka. Sisi ndio tunaoza humu!"

Subilaga hakugeuka. Asingejua wanaita kutoka wapi. Aligonga, akaelekeza sikio la kushoto, akasikiliza mpaka mwisho wa mlio, akasonga mbele. Kila gurudumu aliligonga mara moja. Alipofika la tisini na sita alisimama, akaegemea behewa, akapumua.

"Umepata nini?" aliuliza Bwana Sikazwe.

"Hakuna. Treni ni nzima. Iruhusu."

Stesheni masta alitazama saa yake. "Umetucheleweshea watu mia sita kwa ajili ya hakuna?"

"Ndiyo," alisema Subilaga. "Zimebaki treni kumi na moja."

Saa saba mchana simu yake ililia. Kampuni ilimjulisha kwamba, kwa kuwa sasa alikuwa kazini, jina lake limeongezwa kwenye orodha, namba mia na kumi na tatu, kuanzia tarehe 30 Juni. Dakika nne baadaye hospitali ikamjulisha kwamba nafasi ya tarehe 28 amepewa mgonjwa mwingine. Alisoma zote mbili, akampa Aikande azisome, akahesabu kwa vidole. Mpaka tarehe 30 zilikuwa siku tisa. Cheti chake kingekuwa hai siku zote tisa, na katika siku tisa treni zote kumi na mbili hupita Ilomba Juu. Ilitosha.

"Unasikitika, mama?" aliuliza Aikande.

"Niulize tarehe mosi Julai." Alivua bangili, ambayo sasa ilifunguka yenyewe, akaiweka juu ya kigari cha Mkwe, kando ya chaki. "Lete kinasa sauti. Na safari hii andika kila kitu ninachofanya, hata kama unaona ni upuuzi."

Treni ya saa tisa ilipanda kutoka magharibi, imejaa viazi na watu. Ilikuwa na mabehewa kumi na mawili. Walianza mbele. Jua lilikuwa limekwishakausha ukungu, na chuma kilikuwa na joto mkononi. Behewa la kwanza lilikuwa zima. La pili pia, na la tatu. Abiria waliopata habari za asubuhi walikuwa wameshuka, wakasimama kwenye mstari, wamekunja mikono, wakitazama ili wapate cha kusimulia. Kijana mmoja alianza kuhesabu mapigo kwa sauti, na wengine wakadakia wakicheka: hamsini na tano, hamsini na sita, hamsini na saba.

La hamsini na nane lilikuwa gurudumu la pili la behewa la nane. Subilaga aliinama. Aikande akamshika mkanda. Nyundo ikashuka mara moja, na umati ukaita, "Hamsini na nane!"

Subilaga hakusonga mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio la kushoto karibu ligusane na chuma.

"Nyamazeni," alisema Aikande, si kwa nguvu, lakini wote walinyamaza.

Subilaga akainua nyundo tena.